Kikohozi Kisichoisha Kipimwe Hadi Kwenye Protini

Mkazi wa Dandora, Kayole au Mukuru jijini Nairobi akikohoa wiki mbili mfululizo, zahanati humtaka atoe makohozi yapimwe kifua kikuu. Hilo ni jema, na Kenya imelifanyia kazi kwa miaka mingi: vipimo na dawa za TB katika vituo vya umma ni bure. Shida inaanza pale majibu yanaporudi kwamba hakuna vijidudu. Mgonjwa bado anakohoa, anakonda, kifua kinambana, na picha ya eksirei inaonyesha doa. Mara nyingi huanzishiwa dawa za TB vivyo hivyo kwa miezi sita, kwa kuwa doa kwenye pafu, katika mtaa wenye TB nyingi, hudhaniwa kuwa TB. Dawa zikiisha bila nafuu ndipo anapopelekwa mbele. Kwa mwenye saratani ya mapafu, wakati huo ugonjwa huwa umeshafika kwenye mifupa, ini au ubongo.

Madaktari wa saratani nchini wamelilalamikia hili kwa muda mrefu, nasi tunawaunga mkono. Lakini kuna jambo la pili ambalo halisemwi sana mitaani. Hata saratani ikishagunduliwa, upimaji haujaisha. Ni lazima ijulikane ni protini gani ndani ya uvimbe ule iliyoharibika. Jibu la swali hilo ndilo linaloamua kama mgonjwa atameza tembe moja kwa siku akiwa nyumbani kwake Umoja, au atawekewa dripu za kemikali, au atapewa dawa isiyomfaa hata kidogo. Msimamo wetu ni kwamba mgonjwa wa Eastlands anastahili jibu hilo, na alipate bila jamaa zake kuitisha mchango wala kuuza shamba la ushago.

Mambo haya si fumbo la wataalamu peke yao. Seli ya pafu haijiamulii kugawanyika, bali hungoja ishara. Kwenye utando wake kuna protini iitwayo EGFR, nusu yake ikiwa nje ya seli na nusu ndani. Pafu likipata jeraha linalohitaji kuzibwa, kichocheo cha ukuaji hufika na kushika ile nusu ya nje. EGFR mbili hukutana, nusu zao za ndani huwashana, na ishara hupokezwa kutoka protini hadi protini: RAS, kisha RAF, kisha MEK, kisha ERK, mpaka kwenye kiini ambako seli huamrishwa igawanyike. Kazi ikikamilika, ishara huzimwa.

Abiria wa matatu za Jogoo Road anaujua mpango huu. Kondakta aliye mlangoni ndiye anayeona watu. Akigonga bodi, dereva anaondoa gari kwa kusikia tu, hageuki nyuma. Sasa kondakta huyo agonge bodi bila kukoma, stejini hakuna mtu, mlango uko wazi, na dereva azidi kukanyaga mafuta kwa sababu hicho ndicho anachosikia. EGFR iliyoharibika hufanya hivyo. Jeni yake ina kosa dogo, aghalabu katika kipande cha 19 au cha 21, na protini inayotokana nayo hubaki imewaka bila kuguswa na kichocheo chochote. Seli huzaana na kuzaana. Kwa wagonjwa wengine hitilafu iko ndani zaidi, kwenye protini ya KRAS, ya jamii ya RAS. Kwa wengine ni ALK, ambayo jeni yake imeungana na jeni nyingine isiyohusiana nayo, jambo lililogunduliwa na watafiti wa Japani mwaka wa 2007.

Mmarekani Stanley Cohen alishiriki Tuzo ya Nobel mwaka wa 1986 kwa kugundua kichocheo kinachoishika EGFR. Ilichukua karibu miaka 20 zaidi kabla ya elimu hiyo kumfikia mgonjwa wa mapafu kitandani. Dawa ya tembe iitwayo gefitinib ilikuwa imeanza kutumika, ikawashangaza madaktari: wagonjwa wengi haikuwasaidia, lakini wachache uvimbe wao ulinywea kwa kasi ambayo haikuwa imeonekana kabla. Mwaka wa 2004 watafiti wa Boston waliwachunguza wale wachache na kukuta kwamba uvimbe wao ulikuwa na kosa la EGFR. Dawa ilikuwa inaizima protini iliyokwama.

Miaka mitano baadaye, mwaka wa 2009, yalichapishwa matokeo ya jaribio la IPASS lililofanywa Asia ya Mashariki, na wenye kupanga fedha za afya wanapaswa kuyasoma mara mbili. Kwa wagonjwa wenye kosa la EGFR, gefitinib iliuzuia ugonjwa kwa miezi 9.5, dhidi ya 6.3 kwa waliopewa kemikali. Kwa wasio na kosa hilo mambo yaligeuka kabisa: miezi 1.5 kwa gefitinib, dhidi ya 5.5 kwa kemikali. Tembe ile ile inayomwinua mmoja inampotezea mwingine muda ambao hana. Ndiyo maana kumpa mtu dawa hii kwa kukisia ni kumdhuru, na kumnyima kwa sababu hakupimwa ni kumdhuru vilevile.

Tusidanganyane kuhusu uwezo wa tembe hizi. Saratani iliyokwisha kusambaa haiponi kwazo. Baada ya mwaka mmoja hivi uvimbe hujifunza kuikwepa dawa, na katika karibu nusu ya wagonjwa wa gefitinib hilo hutokana na kosa jipya katika EGFR yenyewe, linaloitwa T790M. Dawa ya osimertinib, iliyoidhinishwa Marekani mwaka wa 2015, ilitengenezwa kwa ajili ya hao. Tembe hizi huleta vipele na kuharisha. Lakini mwaka mmoja wa kupumua vizuri, kwenda kazini Gikomba na kurudi kwa miguu yako, kulipa karo ya mtoto aliye kidato cha nne, si kitu kidogo. Anayeuona kuwa mdogo hajakaa na mgonjwa wa mapafu usiku.

Sasa tuje kwenye moshi.

Kenya ina dhana iliyoota mizizi kwamba saratani ya mapafu ni ya wavuta sigara. Sigara bado ndiyo chanzo kikuu duniani, na hatutaki mtu yeyote asome hapa ruhusa ya kuvuta. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka wa 2007 inakataza kuuza sigara moja moja, ilhali katika vibanda vya Kariobangi na Pipeline sigara moja ndiyo inayouzwa, na kiberiti cha gesi kimefungwa kamba kando yake. Hilo lishughulikiwe. Lakini wanawake wa Kenya wanaovuta ni wachache mno, na bado wapo wanaolazwa na ugonjwa huu. Mwanamke wa aina hiyo hufika hospitalini akiwa amechelewa zaidi, kwa kuwa hakuna aliyemfikiria, naye mwenyewe hakujifikiria. Na hapa ni muhimu kujua kwamba kosa la EGFR huonekana zaidi kwa watu ambao hawajawahi kuvuta. Yaani yule anayeachwa nje ya hesabu ndiye ambaye tembe ina nafasi kubwa ya kumfaa.

Kwa nini hasa hao? Mwezi Aprili 2023 kundi la Charles Swanton wa Taasisi ya Francis Crick, London, lilichapisha jibu ambalo lingepaswa kusomwa katika kila ukumbi wa kaunti. Walichunguza vipande visivyo na saratani vya mapafu ya watu 295. Asilimia 18 ya sampuli zilikuwa na seli chache zenye kosa la EGFR, na asilimia 53 ya zilizopimwa KRAS zilikuwa na kosa la protini hiyo. Seli hizo zimo ndani yetu kadiri umri unavyosonga, nyingi zikiwa zimetulia tu. Kinachoziamsha ni hewa chafu. Chembe laini za moshi, zile zenye upana usiozidi maikromita 2.5, hupenya hadi ndani kabisa ya pafu. Seli walinzi huzimeza na kutoa protini ya ishara iitwayo intalukini-1 beta. Ishara hiyo ya kupambana na uchafu huifikia seli iliyokuwa na kosa la EGFR, nayo huanza kujigeuza na kuota. Watafiti walipoizuia intalukini-1 beta katika panya, saratani hizo zilipungua.

Kuna ushahidi mwingine kutoka kwa binadamu. Mwaka wa 2017 jaribio la watu zaidi ya 10,000 waliokuwa wamepata mshtuko wa moyo, baadhi yao wakipewa dawa ya canakinumab inayoizima intalukini-1 beta, lilionyesha kwamba waliopewa dawa walipata saratani ya mapafu kwa uchache kuliko wenzao. Hata hivyo dawa hiyo ilipojaribiwa baadaye kuwatibu waliokwisha kuugua saratani, haikufua dafu. Maana yake ni nzito kwetu: ishara hii inafaa kukatwa mapema, kabla uvimbe haujaota. Na hakuna serikali itakayowadunga sindano ya bei hiyo wakazi wote wa Embakasi na Njiru. Kinachoweza kukatwa ni moshi.

Takwimu za kundi la Swanton zilitoka Uingereza, Korea Kusini na Taiwan. Moshi wetu tunaujua wenyewe. Jaa la Dandora lilianza kupokea taka za jiji katikati ya miaka ya 1970, na kufikia mwaka wa 2001 lilikuwa limetangazwa kujaa. Malori yangali yanapanda. Ukisimama upande wa Korogocho jioni, ng'ambo ya Mto Nairobi, utaona jinsi kazi inavyofanywa: nyaya za umeme zinakunjwa mafungu, zinatupwa juu ya tairi linalowaka, plastiki inayeyuka kwa moshi mweusi mzito, na baada ya muda kijana anachokoa shaba kwa fimbo ya chuma na kuipeleka kwa mnunuzi wa skrepa akapimiwe kwa kilo. Anafanya hivyo kwa sababu shaba tupu ina bei kuliko waya wenye ganda. Hatumlaumu. Moshi ule hauishii kwake. Unavuka mto, unaingia madarasani na vyumbani.

Mwaka wa 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake makuu yako Gigiri, jiji lili hili, lilitoa ripoti ya uchunguzi wa watoto 328 wanaoishi karibu na jaa. Nusu yao walikuwa na risasi nyingi kupita kiasi katika damu, na karibu nusu walikuwa na maradhi ya njia ya hewa. Watoto hao leo ni watu wazima. Mwaka wa 2021 mahakama iliamuru jaa lifungwe na lihamishwe. Bado liko pale pale.

Jaa si mkosaji pekee. Kuna magari ya dizeli yanayosimama na injini zikiunguruma Outering Road. Moshi wa dizeli uliwekwa na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani katika kundi la kwanza la visababishi mwaka wa 2012, na hewa chafu ya nje ikafuata mwaka wa 2013. Kuna karakana za Kariobangi Light Industries zinazoyeyusha alumini ya sufuria. Kuna jiko la makaa kwenye kordo ya ploti ya ghorofa sita, linalowashwa kwa mfuko wa plastiki au kipande cha kiatu kwa sababu makaa ni mabichi na mtoto ana njaa. Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango chake cha chembe hizo laini mwaka wa 2021 hadi maikrogramu 5 kwa kila mita ya ujazo kwa wastani wa mwaka. Nairobi iko mbali sana na hapo. Kanuni za ubora wa hewa tulizitunga mwaka wa 2014, na zinakataza uchomaji wa taka hadharani. Tunachokosa ni afisa wa kaunti anayefika Dandora saa kumi na mbili jioni.

Kwa hiyo serikali ya kaunti inapochelewesha kuhamishwa kwa jaa, inachelewesha jambo la afya, si la usafi peke yake. Tunataka uchomaji wa nyaya na matairi ukome kwa kuwapa vijana njia nyingine ya kufikia shaba: mashine ya kumenya nyaya si ghali kwa kaunti, na vikundi vya waokota taka vipo na vinajulikana. Kuwafukuza kwa askari wa jiji kutahamisha moto hadi kichochoro kingine.

Turudi hospitalini. Kenya hupata wagonjwa wapya wa saratani zaidi ya 40,000 kila mwaka. Walio na ya mapafu ni wachache wakilinganishwa na wa matiti au mlango wa kizazi, na hiyo ndiyo sababu wamesahaulika katika mipango. Kipimo cha EGFR hupatikana zaidi katika maabara za binafsi, na mara nyingine kipande cha uvimbe husafirishwa nje ya nchi. Mtu wa Kayole anayelipwa kwa siku hawezi kungoja hivyo wala kulipa hivyo.

Wanaosema nchi maskini haiwezi kupima protini wamesahau tuliyokwisha kuyafanya. Kwa miaka mingi Wakenya wenye aina fulani ya saratani ya damu wamekuwa wakipata Glivec bure kupitia mpango wa Max Foundation na kampuni ya Novartis, na Glivec ni tembe ya kuzima protini ya ishara iliyokwama, BCR-ABL. Mwaka wa 2025 Wizara ya Afya ilikubaliana na kampuni ya Roche kuhusu Herceptin kwa wagonjwa wa saratani ya matiti: bei ikashuka kutoka takriban Sh120,000 kwa kipindi kimoja cha matibabu hadi Sh40,000, na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ikabeba gharama hiyo. Herceptin hulenga protini iitwayo HER2. HER2 na EGFR ni ndugu wa ukoo mmoja, wanafanana hata kwa umbo. Wizara imeshakubali, kwa vitendo, kwamba mwanamke Mkenya apimwe protini ya uvimbe wake kisha apewe dawa yake. Hatuoni sababu ya kumkatalia haki hiyo mwanamke yule yule kwa kuwa uvimbe wake uko inchi chache ndani zaidi ya kifua.

Mashine nazo zipo. Kipimo cha EGFR hufanywa kwa PCR, na wakati wa korona maabara za umma zilipata PCR kwa wingi. Kwa ajili ya TB, Kenya imejenga mtandao wa mashine za GeneXpert pamoja na waendesha pikipiki wanaobeba makohozi kutoka zahanati hadi maabara. Barabara ya sampuli tunayo, tuongeze mzigo. Palipo na mgonjwa dhaifu asiyeweza kutolewa kipande cha pafu, damu inaweza kutumika, kwani vipande vya jeni za uvimbe huelea humo. Kipimo cha namna hiyo kiliidhinishwa Marekani mwaka wa 2016.

Dawa pia si ndoto. Shirika la Afya Duniani liliingiza erlotinib katika orodha yake ya dawa za lazima mwaka wa 2019, likiruhusu gefitinib na afatinib zitumike badala yake, na viwanda vya India hutengeneza gefitinib isiyo na jina la kampuni mama. SHA ilipoanza kazi Oktoba 1, 2024, kila familia ilitengewa Sh400,000 kwa mwaka kwa saratani, na Sh150,000 zaidi kutoka hazina ya maradhi sugu. Familia nyingi humaliza fedha hizo kwa skani na kemikali za mwanzo kabla hata ya kujua uvimbe ni wa aina gani. Kipimo kitangulie, kitajwe kwa jina lake katika orodha ya huduma, na kilipiwe nje ya kiwango cha familia.

Kwa zahanati na hospitali za Eastlands tunaomba kanuni moja ambayo haihitaji bajeti mpya. Makohozi yakikosa vijidudu vya TB, na eksirei ina doa, mgonjwa asifungiwe dawa za miezi sita na kuambiwa arudi. Apewe rufaa ya skani na ya kutolewa kipande cha uvimbe, mara moja, awe anavuta au havuti, awe mwanamume au mwanamke. Anayeishi Komarock akielekezwa Hospitali ya Kenyatta asitumwe na karatasi mkononi kuanza foleni upya. Hospitali ya Mama Lucy Kibaki ipige simu, ipate tarehe, ndipo imwachie. Kipande kikitolewa, nusu kiende kwa mwanapatholojia na nusu kihifadhiwe kwa ajili ya EGFR na ALK, maana kumrudisha mtu anayehema mezani kuchomwa sindano ya kifua mara ya pili ni ukatili unaoepukika. Majibu yote yawe mikononi mwa daktari wake ndani ya wiki mbili. Wizara itangaze muda huo hadharani, ili mgonjwa aujue na aweze kuuliza siku ya kumi na tano.